Presha ya Damu na Presha ya Macho Si Kitu Kimoja

AFYA NYUMBANI

Yapo maradhi ambayo hata jina lake huweza kumpoteza mgonjwa. Miongoni mwa hayo ni glakoma, ugonjwa ambao wananchi wengi, mijini na vijijini, tumeuzoea kwa jina la presha ya macho. Jina hilo si la uongo, kwa kuwa ndani ya jicho kweli kuna presha, na ikizidi huleta madhara. Lakini kwa sababu neno presha tumekwisha kulizoea kwa maana ya presha ya damu, watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili ni ugonjwa mmoja uliopanda kutoka moyoni hadi machoni.

Dhana hiyo huzaa makosa matatu. La kwanza ni la mtu asemaye: "Nimepimwa presha zahanati nikaambiwa iko sawa, basi macho yangu ni salama." La pili ni la yule anayemeza vidonge vya presha ya damu na kungoja vimponye macho. La tatu ni la yule aliyepewa dawa ya matone ya macho, naye akaacha vidonge vyake vya presha akiamini kwamba dawa moja yatosha kwa presha zote. Makosa yote matatu yanaweza kumfikisha mtu gizani, na la tatu linaweza kumfikisha kaburini.

Jumapili ya leo tutaeleza tofauti ya presha hizi mbili, kisha tueleze mahali zinapokutana. Kwa maana zinakutana, na mtu mwenye zote mbili anapaswa kujua jambo ambalo si kila mara huambiwa.

MFANO WA MTO SIGI

Wakazi wa Tanga wanaujua mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi. Mto huo huanzia katika misitu ya Usambara ya Mashariki, kule pande za Amani, ukapita Sigi yenyewe chini ya mlima, ukaendelea kuteremka hadi bwawa la Mabayani, na mwisho kuingia katika Bahari ya Hindi. Maji wanayokunywa watu wa mji wa Tanga hutoka katika bwawa hilo. Hebu tuutumie mto huu kuelewa jicho.

Katika bwawa lolote, maji yaingiayo sharti yapate njia ya kutokea. Mvua ikinyesha kwa wingi huku njia ya kutokea imezibwa na magogo na takataka, maji hupanda na kuzisukuma kingo. Jicho nalo lina maji yake. Si machozi, kwani machozi ni ya nje. Haya ni maji maangavu yanayotengenezwa ndani ya jicho usiku na mchana, yakalisha sehemu za mbele za jicho, kisha yakatoka kwa kupita katika kichujio chembamba kilichopo pembeni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Kutoka hapo huingia katika damu na kwenda zake.

Kichujio hicho kikianza kuziba, maji huendelea kutengenezwa lakini hayatoki kwa kasi ileile. Presha ya ndani hupanda. Jicho halipasuki, kwani ngozi yake ni ngumu. Panapoumia ni nyuma kabisa, pale unapoanzia mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, nyembamba kupita nywele, nazo hufa kidogo kidogo.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Katika namna iliyoenea zaidi hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna usaha. Kinachopotea kwanza ni kuona kwa pembeni, na jicho moja hufidia upungufu wa jingine. Mgonjwa huona uso wa mwenziwe vizuri, husoma gazeti vizuri, lakini hujikwaa kwenye kigoda, hugonga mlango kwa bega, hushtushwa na baiskeli iliyotokea ubavuni. Watu humcheka na kusema uzee umeingia. Siku atakapotambua kwamba haoni, sehemu kubwa ya nyuzi zile itakuwa imekwisha kufa, na uzi uliokufa haufufuki kwa dawa wala kwa upasuaji.

Hapa ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya jicho. Daktari huutoa, akaweka lenzi nyingine, na mtu akaona tena. Wazee wengi wenye glakoma hukaa nyumbani miaka wakisema kwamba ni mtoto wa jicho tu, tena bado hajaiva. Wanangoja kuiva kwa kitu kisichokuwapo, na wakati wanaongoja ndio uleule ambao kuona kwao kungeweza kuokolewa.

VIPIMO VIWILI, VYOMBO VIWILI

Presha ya damu ni nguvu ambayo damu inazisukuma kuta za mishipa. Hupimwa kwa kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Hutolewa kwa namba mbili: ya juu, wakati moyo unaposukuma, na ya chini, wakati moyo unapopumzika. Mtu akiambiwa 120 kwa 80, hali yake ni njema. Vipimo vikirudiwa siku mbalimbali na vikawa 140 kwa 90 au zaidi, waganga husema ana shinikizo la damu.

Presha ya jicho ni nguvu ya yale maji tuliyoyaeleza. Nayo hupimwa kwa milimita za zebaki, lakini kiasi chake ni kidogo sana: kwa watu wengi ni kati ya 10 na 21. Hupimwa kwa chombo kinachogusa jicho baada ya kutiwa dawa ya ganzi, au kwa chombo kinachopuliza upepo. Kitambaa cha mkononi hakiwezi kuonyesha habari za jicho hata kidogo. Ndiyo sababu mtu mwenye 120 kwa 80 anaweza kuwa na presha ya jicho ya 35, na mwenye 180 kwa 110 akawa na presha ya jicho ya 14.

Tena, hata presha ya jicho pekee haitoshi kutoa hukumu. Wako watu wenye presha ya jicho iliyo chini ya 21 ambao mshipa wao wa fahamu unakufa kwa glakoma. Kwa hiyo daktari wa macho sharti autazame mshipa wenyewe kwa taa na lenzi, na apime kuona kwa pembeni.

Swali linalofuata ni hili: ikiwa presha ya jicho ni ya kawaida, ni kitu gani kinachouua mshipa huo? Jibu moja, ingawa si la pekee, linaturudisha kwenye presha ya damu.

DAMU LAZIMA IPANDE

Mshipa wa fahamu wa jicho, kama kiungo chochote, huishi kwa damu. Damu hiyo sharti iingie ndani ya jicho, na ndani ya jicho tayari kuna presha inayoizuia. Fikiria nyumba iliyojengwa juu ya kilima, nayo inapata maji kwa bomba litokalo bondeni. Nguvu ya pampu ikiwa ya kutosha, bomba la juu hutoa maji. Pampu ikilegea, nyumba za bondeni huendelea kupata maji kama kawaida, lakini nyumba ya kilimani hupata matone tu.

Waganga hufanya hesabu rahisi. Huchukua presha ya damu ya chini, wakaondoa presha ya jicho. Mtu mwenye 80 damuni na 16 jichoni hubakiwa na 64, na nguvu hiyo ni ya kutosha kuulisha mshipa. Mwingine mwenye 60 damuni na 32 jichoni hubakiwa na 28 tu. Presha yake ya damu haijafikia kiasi cha kumwangusha, anatembea na kufanya kazi, lakini mshipa wake wa fahamu una njaa.

Hesabu hii haikubuniwa ovyo. Katika mji wa Baltimore, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wale waliobakiwa na nguvu ndogo kabisa baada ya hesabu hiyo walikutwa na glakoma mara 6 zaidi ya wale waliokuwa na nguvu ya kutosha. Katika kisiwa cha Barbados, ambako wakazi wengi ni wa asili ya Afrika, watu walifuatwa kwa miaka 9, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha jambo hilohilo: nguvu ya damu inayobaki kwa ajili ya jicho ikiwa ndogo, hatari ya kupata glakoma huongezeka mara mbili hivi au zaidi.

Basi tumeona kwamba presha ya damu iliyoshuka mno ni adui wa jicho lenye glakoma. Je, presha ya damu iliyopanda ni rafiki yake? La. Presha ya damu ikipanda, presha ya jicho nayo hupanda kidogo, ingawa ni kidogo sana, haifiki hata nusu milimita kwa kila milimita 10 za damu. Jambo baya zaidi ni lile linalotokea kwa muda mrefu. Shinikizo la damu lisilotibiwa hufanya mishipa midogo kuwa migumu na myembamba, na bomba lililosinyaa halipitishi maji hata pampu ikiwa na nguvu. Kwa kijana presha ya juu huweza kwa muda kuonekana kama inalisha jicho, lakini kwa mzee aliyeishi nayo miaka mingi mambo hugeuka. Juu ya hayo kuna kiharusi, moyo na figo. Mtu asidanganyike kuacha vidonge kwa kisingizio cha kuokoa macho.

SAA ZA USIKU WA MANANE

Jambo la kutiliwa maanani zaidi ni usiku. Binadamu akilala, presha yake ya damu hushuka kwa kawaida kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Kwa upande mwingine, mtu akiwa amejinyoosha kitandani, presha ya macho huelekea kupanda. Kwa hiyo katika saa zile za kabla ya alfajiri, pampu imelegea na bwawa limejaa. Kwa mtu mzima wa afya hakuna dhara, kwani mishipa yake hujirekebisha. Kwa mwenye glakoma, saa hizo ndizo ambazo mshipa wake huweza kukosa chakula pasipo yeye kujua, kwa kuwa yumo usingizini.

Tuchukue mzee wa kufikirika, mkulima wa iliki na pilipili manga hapo Sigi, katika tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza. Kijana wake ni mfanyakazi mjini Tanga. Mzee ana vidonge vya shinikizo la damu alivyopewa hospitali ya wilaya, avimeze kila asubuhi. Lakini asubuhi huondoka na jembe kabla ya uji, na kidonge husahauliwa. Jioni mkewe humkumbusha, naye, kwa nia njema ya kufidia, humeza viwili kwa pamoja akaenda kulala. Jumapili kijana humpigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo baba. Presha yako inaendeleaje?"

"Nilipimwa juzi, wamesema imeshuka vizuri. Macho tu ndiyo yananisumbua, jana nimejikwaa kwenye mzizi wa njiani. Nadhani ni huyu mtoto wa jicho."

"Pole sana baba. Utamngoja aive, tutakuleta."

Katika mazungumzo hayo mafupi hakuna aliyekosa adabu wala upendo. Lakini hapo pana hatari tatu zilizopita bila kuonekana: vidonge viwili usiku mmoja vinavyoweza kuishusha presha chini mno saa za kabla ya alfajiri; kujikwaa ambako huenda ni dalili ya kupotea kwa kuona kwa pembeni; na ule mtoto wa jicho anayesadikiwa pasipo kuchunguzwa na mtu yeyote. Kijana akimngoja huyo mtoto aive, atamleta baba yake kwa kumshika mkono.

Linalotakiwa si kuacha dawa wala kujibadilishia saa. Linalotakiwa ni mzee kupimwa macho, na ikithibitika kwamba ana glakoma, daktari anayemtibu presha aambiwe. Yeye ndiye atakayeamua kidonge kimezwe saa ngapi na presha ishushwe hadi kiasi gani. Kwa wagonjwa wengi wenye maradhi yote mawili, madaktari hupendelea dawa za presha ya damu zisimezwe wakati wa kulala, na presha isishushwe kupita kiasi kinachohitajika. Uamuzi huo ni wa daktari, lakini hawezi kuufanya kama hajui kwamba mgonjwa wake ana glakoma.

DAKTARI WA PRESHA NA DAKTARI WA MACHO

Upungufu mkubwa uko hapo. Mgonjwa wa presha ya damu huenda mlango mmoja, na wa macho mlango mwingine, mara nyingi katika hospitali mbili zilizo mbali. Kila mlango una karatasi yake. Anayeweza kuiunganisha milango hiyo ni mgonjwa mwenyewe au jamaa anayemsindikiza.

Dawa za milango hiyo hukutana mwilini. Timololi, dawa ya matone inayotumiwa sana kwa glakoma tangu miaka ya 1970, haibaki jichoni. Sehemu yake hupita katika tundu dogo la kona ya jicho, ikashuka puani na kuingia katika damu. Huko huweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha ya damu, na kwa mwenye pumu huweza kumbana kifua vibaya. Mtu akiwa tayari anameza kidonge cha jamii hiyohiyo, kama vile atenololi au propranololi, dawa mbili hufanya kazi moja kwa wakati mmoja.

Vidonge hivyo vina jambo jingine. Huishusha presha ya jicho kidogo, kiasi kwamba daktari wa macho anayepima bila kuambiwa anaweza kuona namba nzuri kuliko hali yenyewe ilivyo. Kwa hiyo unapokwenda kwa daktari wa macho, chukua vidonge vyako vyote mfukoni. Na unapokwenda kwa daktari wa presha, chukua chupa yako ya matone. Usitegemee kukumbuka majina.

Kuhusu matone yenyewe, tone moja latosha. Ukishatia, funga jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika mbili au tatu. Kwa njia hiyo dawa hubaki jichoni mahali inapohitajika, na kiasi kidogo tu huenda moyoni.

Jihadhari pia na matone yanayonunuliwa dukani pasipo cheti kwa ajili ya macho yanayowasha. Baadhi yake yana deksamethasoni au dawa za jamii yake. Wekundu huondoka na mtu akafurahi, lakini dawa hizo zikitumiwa kwa majuma mengi bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Maji ya majani na mizizi kutiwa machoni ni hatari vilevile.

HALI YETU TANZANIA

Mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya mbali. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipimwa macho, na wanne na ushei katika kila 100 walikutwa na glakoma. Hao walikuwa wakulima wa kawaida, katika vijiji kama vyetu vingine.

Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo mengine kuhusu shinikizo la damu, yakilinganisha Ilala, jijini Dar es Salaam, na Shari, katika wilaya ya Hai huko Kilimanjaro. Katika sehemu zote mbili, karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la damu. Shamba halikuwa na nafuu kuliko mji. Katika waliokuwa nalo, walioijua hali yao hawakufika mmoja katika kila watano, na wale ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa barabara hawakufika hata mmoja katika mia.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja utaona kwamba katika ukoo wowote wenye wazee kadhaa, haiwi ajabu kumkuta mmoja mwenye presha zote mbili asiyejua hata moja.

Habari njema nazo zipo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa matone ya timololi, na jingine kwa mwali wa leza unaoelekezwa kwenye kile kichujio ili maji yapite vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, katika kila macho 100 yaliyotibiwa kwa leza, 61 yalikuwa yamefanikiwa. Katika yale ya matone, 31. Mgonjwa wa kijijini anajua maana ya tofauti hiyo. Chupa ya matone huisha, nauli ya kufuata nyingine hukosekana, na siku hupita. Leza hufanywa kwa muda mfupi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo, ingawa huweza kuhitaji kurudiwa, na si kila hospitali iliyo nayo. Kwa baadhi ya wagonjwa upasuaji ndio unaofaa. Hakuna kati ya tiba hizo inayorudisha kuona kuliokwisha kupotea. Kazi yake ni kulinda kilichobaki, na ndiyo maana kuwahi ni jambo kubwa kuliko aina ya tiba.

LA KUFANYA

Ndugu mfanyakazi uliyeko mjini, mambo haya yanakuhusu kwa pande mbili, wewe mwenyewe na wazazi wako.

Kwanza, ukitimiza miaka 40, pima presha ya damu na uchunguzwe macho. Vipimo hivi ni viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Ukiwa na mzazi, kaka au dada mwenye glakoma, usingoje miaka 40, kwani maradhi haya hufuata ukoo. Mmoja akikutwa nayo, ndugu wote wa tumbo moja wapimwe.

Pili, ukiwa na shinikizo la damu, meza dawa kila siku kwa saa uliyopangiwa. Ukisahau, usifidie kwa kumeza mara mbili. Punguza chumvi, acha sigara, tembea kwa miguu. Ukiona kizunguzungu unapoinuka kitandani asubuhi, mwambie daktari, kwani huenda presha inashuka mno usiku.

Tatu, ukiwa na glakoma, mwambie kila mganga anayekupa dawa ya aina yoyote, na kila anayekutibu kwa glakoma mwambie kama una presha ya damu, pumu au ugonjwa wa moyo.

Nne, jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, kuona kukafifia na kichwa kuuma pamoja na kutapika, hiyo huweza kuwa glakoma ya namna nyingine, ile ya ghafla. Usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tano, na hili ndilo la jamaa. Mzee wa Sigi hataweza peke yake. Kutoka Sigi hadi Muheza ni barabara ya vumbi na kona, na ikiwa sharti afike Moshi, atapita Segera, Korogwe, Mombo na Same. Ni safari ya siku nzima kwa mtu asiyeona vizuri, na nauli yake ni magunia aliyoyauza. Anza na hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kama akipewa barua ya kwenda mbele, watoto wachangiane nauli, na mmoja amsindikize hadi mlangoni kwa daktari, akiwa na vidonge vyote katika mfuko mmoja. Msindikizaji asikie mwenyewe maneno ya daktari, ayaandike, ayapeleke katika mlango wa pili.

Watoto wengi huona kwamba kumtunza mzazi ni kumpelekea sukari, khanga na fedha za sikukuu. Hayo ni mema. Lakini nuru ya macho hainunuliwi ikishapotea, na mzee aliyepofuka hupoteza shamba lake, njia ya kwenda msikitini au kanisani, na nyuso za wajukuu. Mkumbushe mama, mkumbushe baba, na ukipiga simu Jumapili ya leo usiulize tu kama presha imeshuka. Uliza pia: "Baba, unajikwaa? Macho umepimwa lini?" Jibu likiwa kwamba hajapimwa, mpangieni siku kabla hamjaagana.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia chumvi katika chakula cha nyumbani, na jinsi ya kuipunguza pasipo mlo kupoteza ladha yake.